Mtoto akisema "stomach", muulize ni wapi

Leo tunakaa na neno moja tu la Kiingereza, stomach. Najua utasema hilo ni la watoto wa shule ya msingi, kila mtu analijua, ni tumbo. Ndivyo lilivyo kwenye madaftari ya watoto wetu: head kichwa, hand mkono, stomach tumbo. Mwalimu anachora mtu ubaoni, anaweka mshale katikati ya mwili, mtoto anaandika neno, anapata vema, maisha yanaendelea.

Kwa somo la darasa la tatu inatosha. Kwa mtoto anayeumwa haitoshi, ndiyo maana nimelileta kwenye ukurasa huu wa familia.

Mama mmoja wa Lamadi amenitumia ujumbe mrefu. Ana kijana wa kidato cha kwanza, yuko bweni, kwenye shule ambayo Kiswahili ni marufuku nje ya kipindi chake. Kijana alianza kuumwa muhula ulipokuwa katikati. Akaenda kwa patroni akasema kwa Kiingereza alichonacho: stomach. Patroni akaandika kwenye daftari, stomach pain. Kijana akapelekwa duka la dawa na daftari lake, muuzaji akasoma stomach, akatoa dawa ya kupunguza asidi na kusema ni vidonda vya tumbo. Mwezi ukapita, ukaingia wa pili, dawa zikaongezwa. Likizo ilipofika mama akampokea mtoto amekonda, akampeleka zahanati. Pale akaulizwa kwa Kiswahili, "Kaka, unaumwa wapi?" Akashika chini ya kitovu, upande wa kushoto. "Choo kikoje?" Akainama kwanza, kisha akasema kina damu. Kipimo cha choo kilitoa jibu siku hiyohiyo. Ni kichocho.

Mama anaandika: "Mwanangu alikosea wapi? Si alisema tumbo kama lilivyo?"

Hakukosea, mama yangu. Alitafsiri kama alivyofundishwa. Ila neno alilokuwa nalo kichwani lilikuwa kubwa, na lile lililoandikwa kwenye daftari lilikuwa dogo, na maumivu yake yakapotea hapo katikati.

Tumbo la Kiswahili ni nyumba nzima. Linaanzia chini ya mbavu na kushuka mpaka kwenye kinena. Ndani yake mna mfuko wa chakula, mna utumbo, mna ini upande wa kulia na bandama upande wa kushoto, figo kwa nyuma, kibofu chini kabisa, na kwa mwanamke mna mji wa mimba. Chochote kati ya hivyo kikiuma sisi tunasema jambo moja: tumbo linaniuma. Anayeharisha anaumwa tumbo. Binti aliye kwenye siku zake anaumwa tumbo. Mjamzito wa miezi minane ana tumbo. Waliozaliwa na mama mmoja ni ndugu wa tumbo moja, na ole wake mwanafunzi atakayeandika kwenye insha ya Kiingereza kwamba yeye na dada yake wametoka kwenye stomach moja.

Stomach ya daktari ni chumba kimoja tu cha nyumba hiyo. Ni mfuko unaokaa juu, chini ya mbavu, umeegemea kushoto. Chakula kinateremka kutoka kooni, kinaingia humo, kinakaa saa kadhaa kikisagwa na kuchanganywa na asidi, halafu kinapita kwenda kwenye utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima unafika mita 6 hivi, kisha utumbo mpana wa kama mita moja na nusu. Kwa hiyo mtoto anayeshika kitovu, au chini ya kitovu, mara nyingi hashiki stomach hata kidogo. Ameshika utumbo, au kibofu, au kitu kingine kabisa.

Waingereza wenyewe si watu wa kuigwa katika hili. Wakiwa nyumbani nao husema stomach kwa maana ya tumbo lote. Mtu akilala kifudifudi kwao amelala juu ya stomach yake. Watoto wadogo husema tummy, watu wazima wakiongea kawaida husema belly, na daktari akiandika kwenye cheti chake anaandika abdomen, ambalo ndilo neno la tumbo zima kama tunavyolijua sisi. Hata stomach yenyewe haikuzaliwa tumboni. Imetoka kwenye neno la Kigiriki lililokuwa likitajia koo, nalo likatokana na neno la mdomo. Limeteremka polepole kwa karne nyingi, kama chakula chenyewe.

Tofauti ni kwamba mgonjwa wa Uingereza akimwambia daktari wake stomach, daktari anauliza wapi hasa, na mazungumzo yanaendelea kwa lugha ambayo wote wawili wamezaliwa nayo. Kwetu, mtoto anatamka neno la kuazima mbele ya mtu mzima ambaye naye ameliazima. Hakuna anayeuliza zaidi kwa sababu Kiingereza kimewaishia wote wawili. Mimi sipingi shule kukazania Kiingereza, mitihani ya sekondari inaandikwa kwa lugha hiyo. Lakini mtoto mgonjwa aachwe aseme kwa lugha anayoumwa nayo. Mzazi mwenye mtoto bweni ana haki ya kumwambia mwalimu hivyo, kwa heshima, siku ya kikao cha wazazi.

Sasa turudi Lamadi, kwa kuwa mahali pale panalifanya neno hili liwe zito zaidi. Lamadi iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, wilaya ya Busega, hapo barabara ya kwenda Bariadi inapoachana na ile ya Mwanza na Musoma. Ziwa ndilo sangara, ndilo sato na dagaa, ndilo maji ya kufulia na kuoga, na kwa watoto ndilo uwanja wa michezo. Ndani ya maji ya kandokando, penye majani, wanaishi konokono wadogo wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo vinatoka kwa konokono, vinaogelea, vinapenya kwenye ngozi ya mtu aliye majini bila yeye kuhisi chochote cha maana, labda muwasho kidogo.

Hapa napo kuna mtego wa neno, safari hii la Kiswahili. Ukitaja kichocho, wazazi wengi wanafikiria kukojoa damu. Kichocho cha namna hiyo kipo, na huku Usukumani kinapatikana zaidi kwenye madimbwi, malambo na mashamba ya mpunga. Kichocho cha pembeni mwa ziwa kwa kawaida ni kingine. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na dalili zake ni maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, kuharisha, na damu kwenye choo kikubwa. Kikiachwa miaka mingi kinaharibu ini, bandama inavimba, tumbo linajaa maji, na mwisho mtu anaweza kutapika damu. Kwa hiyo mzazi anayesubiri kuona mkojo mwekundu ndipo ashtuke atasubiri bure wakati mtoto anaumwa. Na ndiyo maana kipimo cha huku ziwani ni cha choo kikubwa, si cha mkojo peke yake. Ukifika zahanati sema wazi kwamba mtoto huoga ziwani.

Dawa ipo na si ya ajabu. Ni praziquantel, vile vidonge vikubwa vinavyogawiwa mashuleni, ambapo mtoto anasimamishwa kwenye mti wa kupimia kimo ili ijulikane anywe vingapi. Siku hiyo mpe mtoto chakula kabla hajatoka nyumbani. Akimeza vidonge hivyo na njaa anaweza kupata kichefuchefu na kizunguzungu, anarudi nyumbani analia, kisha mtaa mzima unasema dawa ni mbaya. Pia dawa inaua minyoo iliyomo mwilini leo. Haimkingi na ya kesho akirudi majini. Maji ya ziwa ya kuogea yakichotwa na kuachwa kwenye chombo siku mbili, bila konokono ndani, vimelea hivyo huwa vimekufa. Kwa kuoga yanafaa, kwa kunywa bado yachemshwe.

Vidonda vya tumbo navyo nisivipite kimya, maana siku hizi ndilo jina la kila maumivu. Ukishika tumbo dukani tu, jirani ameshakupa ugonjwa. Vidonda hivyo hutokea kwenye ule mfuko wa chakula, au mwanzo kabisa wa utumbo mwembamba, hatua chache baada ya mfuko. Maumivu yake mara nyingi yanakaa pale tunapopaita chembe ya moyo, juu ya kitovu, yanaunguza, na yana uhusiano na kula au kukaa na njaa. Sababu yake kubwa si mawazo wala pilipili, kama tulivyokuwa tukiambiwa. Ni bakteria, na pia matumizi ya mara kwa mara ya baadhi ya dawa za maumivu. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe ili kuwaonyesha wenzake wasioamini. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Maana yake kwetu ni kwamba hata kama kweli ni vidonda, mtoto anahitaji kupimwa na huenda akahitaji antibiotiki. Kumpa dawa ya asidi miezi miwili mfululizo bila kipimo ni kuzima redio ili mwenye kelele anyamaze.

Na kuna tumbo la tatu, ambalo si la kitabu cha Baiolojia wala la duka la dawa. Ni tumbo la aibu.

Sisi ni watu wa staha. Mtoto wa Kitanzania akiumwa mahali asipoweza kupataja mbele ya baba, atasema tumbo. Kijana wa miaka kumi na minne korodani yake ikijisokota, jambo linalotokea ghafla, hata usiku akiwa amelala, maumivu yanapanda tumboni na wakati mwingine anatapika. Atakuambia tumbo. Hatasema kingine, atajikunja tu. Madaktari wanahesabu saa kama sita hivi za kuiokoa. Zikipita, nafasi inapungua haraka na mara nyingi korodani inaondolewa. Sasa fikiria mama amempa chai ya tangawizi na kumwambia alale, wataona asubuhi. Kwa kijana anayeumwa tumbo la chini ghafla, muulize moja kwa moja: "Na huko chini je, panauma?" Kama wewe ni mama na unaona haya, mwite baba yake, au mjomba. Haya ya dakika moja inavumilika.

Binti naye ana tumbo lake. Mara nyingi ni hedhi, na hakuna cha kuogopa. Lakini binti anayekunjika kila mwezi mpaka anakosa shule anastahili kuonana na daktari, asiambiwe ndivyo wanawake walivyo. Na mtoto mdogo anayelalamika tumbo kila akitakiwa kwenda mahali fulani, au kukaa na mtu fulani, msimkemee kuwa anadeka. Mchukueni pembeni mumsikilize. Pengine hana neno lingine la kusemea.

Ndiyo maana napenda watoto wajifunze mapema majina ya mwili wao, kwa Kiswahili kwanza. Mama akiwa mjamzito, mtoto wa miaka minne akauliza mdogo wake yuko wapi, tunamjibu yuko tumboni. Basi. Naye anajua tumboni ndiko ugali unakokwenda. Baba mmoja alinisimulia kwamba binti yake alikataa kula siku mbili, anaogopa chakula kitamwangukia mtoto. Alikuwa anamhurumia mdogo wake kwenye tumbo la mama, na kujihurumia mwenyewe asije akameza mtu. Inachekesha, ila ni sisi tuliomdanganya. Kuna mfuko wa chakula na kuna mji wa mimba, hata wa miaka minne anaelewa kwamba ni vyumba viwili. Huyohuyo akifika sekondari hataandika kwamba mtoto hukua kwenye stomach, atajua ni womb, au uterus kama mwalimu anataka la kitaalamu.

Lugha za mtaani acha ziendelee na raha zake. Magazeti yetu yataendelea kutuambia kwamba vigogo wako matumbo joto, na Mwingereza naye akiwa na hofu ya mtihani atasema ana vipepeo kwenye stomach. Akimchoka mtu atasema hawezi kumfanya stomach, nasi tutasema huyo bwana hamezeki. Hapo hatuko mbali sana. Akikosa ushujaa atasema hana stomach ya vita, sisi tunasema hana moyo. Malkia Elizabeth wa Kwanza anatajwa kuwaambia askari wake mwaka 1588 kwamba japo ni mwanamke ana moyo na stomach ya mfalme. Ukimtafsiria bibi yangu kuwa malkia alijisifu ana tumbo la mfalme, angeuliza mfalme huyo alikuwa anakula nini. Kwetu tumbo limebaki la njaa na ulafi, ushujaa tumeupeleka kifuani.

Kwenye mambo ya dawa ndiko sitaki mzaha. Ukiona kwenye karatasi ya dawa maneno empty stomach, maana yake imezwe kabla ya kula, mfuko wa chakula ukiwa hauna kitu. Ukiona with food, imezwe pamoja na chakula au mara tu baada ya kula. Ukiona stomach upset kwenye orodha ya madhara, wanasema inaweza kuleta kichefuchefu au kuvuruga tumbo. Usipoelewa karatasi, muulize mfamasia akueleze kwa Kiswahili, wala usione aibu. Hiyo ni kazi yake. Na wewe unayetafuta usiku kwenye simu, ukiandika stomach pain utaletewa asidi na vidonda. Andika abdominal pain, ongeza na mahali panapouma, utapata majibu mapana zaidi. Hayo nayo ni ya kukusaidia kueleza vizuri ukifika kwa daktari, hayachukui nafasi yake.

Njia yangu ya kumuuliza mtoto ni hii. Mlaze chali, mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja, asitumie kiganja chote. Kidole kikienda chembe ya moyo, fikiria mfuko wa chakula. Kikizunguka kitovu tu, na mtoto anacheza, anakula, hana homa, mnaweza kusubiri huku mnamwangalia. Lakini maumivu yaliyoanza kwenye kitovu kisha yakahamia chini upande wa kulia, yakakazana, mtoto akawa anatembea ameinama na hataki kuruka hata hatua moja, hayo yanaweza kuwa ya kidole tumbo. Usimpe dawa ya kuharisha, usimkande, mpeleke hospitali yenye upasuaji usiku huohuo, iwe Bariadi au Mwanza, kutegemea gari gani limepatikana. Vivyo hivyo tumbo likiwa gumu kama ubao, akitapika matapishi ya kijani, au choo kikiwa cheusi kama lami.

Baada ya wapi, uliza tangu lini, linakuja na kuondoka au limekaa hapohapo, choo kikoje, mkojo ukoje, alikula nini, aliogelea wapi. Maswali haya mfundishe mtoto wa bweni ajiulize mwenyewe kabla hajaenda kwa patroni. Kama lazima aseme Kiingereza, aongeze mahali. Lower abdomen, left side. Blood in my stool. Maneno machache tu, anaweza kuyaandika nyuma ya daftari. Mama wa Lamadi ameniambia kijana wake ameshakunywa dawa na hamu ya kula imerudi, anasubiri kupimwa tena kabla shule hazijafunguliwa. Namtakia afya njema.

Wiki ijayo tutaangalia mkono, kwa maana Mwingereza ana hand na arm, na baba mmoja wa Nyashimo anataka kujua kwa nini cheti cha mtoto aliyevunjika kimeandikwa neno moja na plasta ikafungwa mahali pengine.